Kibodi Yenye Upawa na Sambusa

Kibodi ya zamani pale dukani ilikuwa imechakaa mpaka herufi zimefutika, na mwenye duka akawa amezichora upya kwa rangi ya kucha, nyekundu. Herufi A aliipaka rangi nyingi kuliko wenzake, ikawa inanata. Ukiandika "Yah:" juu ya barua ya kuomba kiwanja, inatoka "Yaaaah:", na barua nzima inaanza kama mtu anayeshangilia goli. Nafuta, naandika, nafuta tena, huku mteja amesimama nyuma ya kiti changu ananipumulia shingoni.

Hapo ni Mtwara mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katika kiduka cha steshenari. Tulichapa barua, tukatoa kopi, tukauza kalamu na madaftari. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza kidato cha nne na kozi ya kuchapa. Mwenye duka alikuwa mama wa Kilimanjaro aliyemfuata mumewe aliyepata kazi bandarini. Nilimwita Mama, kama walivyomwita wateja wote. Walikaa Shangani, na jioni ungemkuta anatembea kando ya bahari, viatu mkononi, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili. Dukani hakuimba. Dukani alikuwa mkali kama pilipili kichaa, na neno lake kubwa lilikuwa "Kazi ni kazi."

Muziki hata hivyo aliuruhusu, kwa sababu wateja waliupenda. Spika zetu mbili zilikaa nyuma ya mashine ya kopi, na kifundo cha sauti kilikuwa nyuma ya spika. Adhana ikianza, au mteja akitaka kuzungumza, napiga magoti, naingia chini ya meza, mkono nimeunyoosha kama mtu anayetafuta yai la kuku chini ya kitanda. Mara nyingi adhana ilifika katikati kabla sijakishika kifundo, na mzee muuza vitabu wa duka la jirani alikuwa ameshatoka nje, kofia mkononi, anatutazama tu bila kusema neno. Afadhali angesema.

Basi Mama alikwenda Dar es Salaam kumuuguza dada yake. Akarudi na boksi refu jembamba, amelifunga kwa kanga ili vumbi la njiani lisiingie. Ndani mlikuwa na kibodi nyeusi, pana kama sinia la pilau. Kila herufi ilikuwa mahali pake, nyeupe, haijaguswa. Lakini kilichonifanya nishike kinywa ni safu ya vitufe vya rangi ya fedha kule juu, vya mviringo, vinang'aa kama vifungo vya koti la bwana harusi. Havikuwa na herufi hata moja. Vilikuwa na picha.

Mama akasoma karatasi iliyokuja nayo, akabonyeza kimoja. Muziki ukapanda. Akabonyeza cha pembeni. Ukashuka. Akabonyeza cha tatu, duka zima likanyamaza kimya, tukasikia hadi feni ikikwaruza.

"Bila kuinama," akasema Mama.

"Bila kuinama!" nikasema mimi.

Tukatazamana. Akabonyeza tena, muziki ukarudi palepale ulipokatikia, na nakwambia, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya saa ya kufunga duka alitikisa mabega. Mara moja tu, halafu akakohoa akasema kazi ni kazi.

Adhana ya adhuhuri ya siku ile niliinyamazia kabla mwadhini hajamaliza tamko la kwanza. Mzee wa vitabu akatoka nje kama kawaida yake. Akakuta kimya. Akasimama kidogo, akatafuta la kutazama, akavaa kofia yake akaenda msikitini.

Sasa ukimpa msichana wa umri ule kitufe kama hicho, usitegemee atakaa nacho kwa adabu. Siku chache baadaye akaja bwana mmoja mnene kuchapa risala ya mkutano. Muziki ukamkera, akapaza sauti: "Hebu nyamazisha hilo dude!" Mikono yangu ilikuwa juu ya kibodi, kidole kimoja tu kikachepuka. Mimi nikaikazia macho kompyuta, nikasema kwa ukali, "Umesikia mgeni? Nyamaza!" Ikanyamaza.

Yule bwana akarudi nyuma hatua.

"Inasikia?"

"Inasikia Kiswahili tu," nikasema. "Kiingereza bado inajifunza."

Kuanzia hapo sikupumua. Watu wakawa wanaingia hawana barua wala kopi. Wauza samaki, wanafunzi, hata mafundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara, wote wanataka kuona kompyuta inayotii amri. "Imba!" inaimba. "Ongeza!" inaongeza. "Wimbo huu umetuchosha!" inaruka mwingine. Mama mmoja muuza vitumbua aliiambia "Ahsante mwanangu," na nikaona aibu kidogo, lakini kicheko kilinizidi aibu.

Mama alinifuma. Nilikuwa nimeinua mkono mmoja kama kiongozi wa kwaya, mwingine uko kazini kwa siri, na duka limejaa watu wanaopiga makofi. Alisimama mlangoni na mkoba wake kwapani. Watu wakampisha. Nikajua leo ndiyo leo, kazi imekwisha, narudi kijijini kupalilia mihogo. Akaja hadi mezani, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akatazama kidole changu. Halafu akajikohoza, akanyoosha mgongo, akatoa ile sauti yake ya kanisani:

"Kompyuta! Imba!"

Nikabonyeza. Ikaimba. Mama alicheka mpaka akakaa juu ya boksi la karatasi, machozi yanamtiririka, anajipepea kwa bahasha. Watu walipotoka akanivuta sikio, si kwa nguvu. "Kesho mchezo huu basi," akasema. Kesho yake akaja na shemeji yake kumwonyesha.

Aliyetuumbua ni Bibi.

Bibi yangu, mzaa mama yangu, alikaa Kitaya, kijiji kilicho ukingoni mwa mto Ruvuma, ambako ng'ambo ni Msumbiji. Alikuja mjini msimu wa korosho ulipokuwa unakwisha, kununua vitu vya harusi ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alifika dukani na kikapu cha ming'oko kwa ajili yangu, ile mizizi ya porini tunayochemsha kwa chumvi, akaketi kwenye benchi, akaitazama kompyuta ikiamriwa na mtu wa bandarini. Kila mtu alitazama kioo. Bibi alitazama mikono yangu.

"Mke mwenzangu," akaniita, maana hivyo ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike, "hicho kidole cha kulia kinawashwa na nini?"

Watu wakaguna. Nikakificha kidole. Bibi akanyanyuka, akaja kusimama mbele ya kibodi, akaomba aonyeshwe.

Bibi hakujua kusoma. Herufi aliziita chawa, na alipoona ukurasa umejaa maandishi alikuwa akisema chawa wamezaliana. Lakini safu ile ya fedha haikuwa na chawa. Nilipoanza kumweleza, akanizuia kwa mkono, akazisoma picha mwenyewe. Pembetatu ya kuanzisha wimbo ilikuwa sambusa. Pembetatu mbili za kurukia wimbo mwingine, sambusa mbili. Mraba wa kusimamisha ulikuwa kipande cha sabuni. Kitufe cha kufungua programu ya muziki kilikuwa na alama ya nota, kichwa cha mviringo na mpini mrefu, akasema huo ni upawa, sasa mnapakua. Na zile picha tatu za spika, yenye mawimbi mengi, yenye wimbi dogo, na yenye mistari miwili iliyopishana kama mkasi juu yake, alizipa majina ambayo mpaka leo ndiyo ninayotumia kichwani mwangu: mdomo wazi, mdomo nusu, mdomo umefumbwa.

Alibonyeza sambusa. Kompyuta ikaanza taarabu. Bibi aliurudisha mkono haraka kama aliyegusa jiko, akautazama mkono wake, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyetekenywa. Akabonyeza tena ikasimama. Akabonyeza ikaanza. Nadhani wateja watatu au wanne waliondoka siku hiyo bila kuhudumiwa.

"Hii itapiga harusi ya Kitaya," akasema.

Mama alikuwa anahesabu kalamu. Akainua kichwa. "Bibi, shikamoo. Kompyuta haisafiri."

"Marahaba, mwanangu. Kwani ilizaliwa hapa?"

"Hapana, ilitoka Dar."

"Basi inajua kusafiri."

Mama akaeleza kwa upole kwamba kule barabara ni mbaya, umeme hakuna, vumbi ni jingi, na kitu kile ni cha kazi. Bibi alimsikiliza kwa heshima, "Eee, mwanangu. Eee," na mkono wake unaendelea kubonyeza sambusa mbili, wimbo baada ya wimbo, mpaka ikatokea kwaya. Mdomo wa Mama ukasita katikati ya neno. Bibi naye akaona. Akasogeza kidole kwenye mdomo wazi. Kwaya ikajaa dukani, na pale sauti ya pili ilipoingia, Mama aliingia nayo, kalamu mkononi, macho amefumba. Bibi akawa anampigia makofi kwa mpigo wa ngoma ya Kimakonde, ambao ukiufikiria haupaswi kukubaliana na wimbo ule. Ulikubaliana.

Wimbo ulipokwisha Mama alijifuta uso. "Harusi lini?" akauliza.

Tulikwenda kwa pikapu ya rafiki wa mumewe, aliyefanya kazi Naliendele kwenye utafiti wa korosho na ambaye barabara za vijijini alizijua. Sipiyu tuliizungushia godoro. Spika kubwa mbili na kikuza sauti tuliazima kwa watu wa banda la video. Monita, ya zamani ile yenye kisogo kikubwa, Mama hakukubali iwekwe nyuma. Aliketi mbele ameipakata na kuitandikia kanga, na kila tulipoingia shimoni alikuwa akiifunika kwa mkono kama anamkinga mtoto jua. Mimi nilikaa nyuma kwenye mzigo, kibodi ndani ya gauni langu la kwenda harusini, kwenye mfuko wa rambo. Mikorosho ilipita pande zote mbili. Watoto walitukimbilia. Dereva alipopunguza mwendo, niliwaambia tunapeleka kompyuta harusini, na mmoja akauliza kwa makini sana, "Ndiyo bibi harusi?"

Kitaya walikuwa wametutandikia mkeka chini ya turubai, na jenereta ya mashine ya kusaga ilikuwa tayari inanguruma nyuma ya nyumba. Nikaunganisha nyaya. Nikawasha. Sipiyu ikavuma, taa zake zikawaka.

Kioo kikabaki cheusi.

Nikachomoa, nikachomeka. Nikapiga kisogo cha monita kofi dogo, kisha kubwa. Cheusi. Barabara ilikuwa imekwisha kufanya yake pamoja na kupakatwa kote kule. Mama akashika kiuno. Wajomba wakaanza kutazamana, na kule nje wanawake waliokuwa wamekwisha kujipanga kucheza walikuwa wanauliza vipi, vipi huko. Bila kioo sioni kishale cha kipanya, sioni nyimbo, sioni kitu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Haiwezekani. Kioo kimekufa."

Bibi akainama, akachungulia. "Muziki unatoka kwenye kioo?"

"Hapana, Bibi, unatoka kwenye sipiyu, lakini lazima nione ili..."

Macho yangu yalikuwa yameangukia ile safu ya fedha. Kitufe cha nota hufungua programu ya muziki bila kipanya. Programu ikifunguka, orodha ya nyimbo tuliyoipanga jana yake itakuwa mlemle ndani. Nikasema, "Upawa." Sikusema nota, nilisema upawa, mbele ya wajomba. Nikabonyeza. Tukasubiri. Sipiyu ikakoroma kidogo, kijitaa chake cha kijani kikapepesa.

"Sasa sambusa," akasema Bibi, na hakusubiri mimi. Alibonyeza mwenyewe.

Spika za banda la video zikapasuka kwa muziki wa dansi hata kuku wakakimbia kutoka chini ya turubai. Vigelegele vikapanda. Mama aliruka, kwa kweli aliruka, miguu yote miwili, akaja kunikumbatia na kunikanyaga. Bibi harusi, ambaye alitakiwa kuwa ndani ameinamisha uso kwa haya, alichungulia dirishani na hina yake mbichi, anatikisa kichwa kwa mpigo.

Nikataka kukaa kwenye kiti cha mpigaji. Bibi alikuwa ameshakaa.

Ndivyo harusi ile ilivyopigiwa muziki na bibi wa miaka isiyojulikana, ambaye kilemba chake kilikuwa kimelegea upande na ambaye alikuwa ameweka sahani ya pilau kwenye kisogo cha monita kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine. Hakuna aliyeona orodha, kwa hiyo hakuna aliyejua wimbo gani unafuata. Kila alipofikia sambusa mbili wachezaji walisimama na mikono hewani, wanasubiri. Ikija dansi, wanapiga kelele. Ikija taarabu, wanawake wanawasukuma wanaume nje ya uwanja. Mara moja, katikati ya Waislamu watupu, waliomzunguka bwana harusi kwa udi na maua, ikaja kwaya ya Mama.

Mama alifunika uso kwa viganja viwili. "Jamani, ruka, ruka," akasema. Bibi akashusha hadi mdomo nusu, akamtazama shehe aliyekuja kufungisha ndoa, mzee mwembamba aliyekuwa anakula nyama taratibu. Shehe akasikiliza. Akameza.

"Waache wamalize," akasema. "Si vizuri kumkatisha mtu anayemsifu Mola wake."

Wanawake wakaicheza kwaya. Sijui waliichezaje, viuno vile na maneno yale, lakini waliicheza hadi mwisho, na Mama akiwa katikati yao amefungwa kanga kiunoni na mtu asiyemjua. Alasiri ilipoingia Bibi alifumba mdomo kwa herufi ya kwanza ya adhana, na mimi nikajivuna kama nimemzaa.

Baada ya swala, muziki ulipoanza tena, niliona uso wa Bibi umebadilika. Alikuwa anatazama upande wa mto.

Ng'ambo alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, aliyeolewa huko wangali wasichana. Vita vya kule vilimkimbiza bara, na aliporudi ukingoni miaka mingi ilikuwa imepita, na Bibi alikuwa ameapa hapandi mtumbwi, tangu ule uliompindukia akanywa maji ya Ruvuma hadi akamwona babu yake aliyekufa. Mdogo wake naye miguu ilimsumbua. Basi walisalimiana kwa kupitia wachuuzi wa samaki. "Dada yako anakusalimu." "Mwambie nimesikia." Tangu nizaliwe mimi, walikuwa hawajashikana mkono. Habari ya harusi ilikuwa imepelekwa na mchuuzi, na jibu halikuja.

"Mke mwenzangu," akasema Bibi, "huu mdomo wazi, mwisho wake ni wapi?"

"Bado haujafika, Bibi. Lakini spika zitapasuka."

"Wasikie ng'ambo," akasema. Akaweka kidole, na hakukitoa.

Sauti ikapanda, ikapanda. Turubai likaanza kutetemeka. Sahani ya pilau ikatembea yenyewe juu ya monita. Watu waliziba masikio huku wanacheka na kucheza, na vijana wakazigeuza spika, wakazielekeza mtoni. Nilikwenda hadi ukingoni kujaribu, na kule, juu ya maji mapana ya rangi ya chai ya maziwa, ulikuwa unausikia wimbo unakwenda zake, unagonga miti ya upande wa pili, unarudi umechelewa kidogo. Kwenye mchanga wa ng'ambo nikaona watu wadogo wadogo wanakusanyika. Mmoja akaanza kucheza. Nikapunga kanga. Wakapunga.

Halafu mtumbwi ukatoka. Mwembamba, wavuvi wawili wanapiga kafi, na katikati ameketi mtu amejikunyata, amejifunika kichwa kwa kitu cheupe. Ulipofika karibu nikaona hakikuwa cheupe kwa rangi, ni unga. Alikuwa bibi mmoja mfupi, mikono yake ina unga wa muhogo hadi viwikoni, uso una unga, na kanga ya shambani imepigwa fundo begani. Kabla mtumbwi haujagusa mchanga alikuwa ameanza kufoka.

"Mmeniambia Ijumaa ijayo! Mchuuzi mwongo yule, kasema Ijumaa ijayo! Mimi natwanga zangu, nasikia ngoma, nasema harusi ya nani hiyo, nasikiliza, nasema lo! Ni yetu!"

Pua ilikuwa ya Bibi. Masikio yalikuwa ya Bibi. Hata ile namna ya kuifanya r kuwa l alipokuwa anafoka zaidi, "halusi yetu, halusi yetu hii!", ilikuwa ya Bibi tupu. Nikamshika mkono, nikashindwa kusema mimi ni nani, nikaanza tu kumvuta tupande, tukapanda, yeye anachechemea, mimi nalia na kucheka.

Bibi alimwona tokea mbali. Alisimama. Akakumbuka kitufe, akainama, akafumba mdomo wa mashine. Kijiji kizima kikanyamaza. Katika kimya kile yule mdogo mtu akasema, akihema, "Dada, umenizibua masikio."

"Ulikuwa unanisikia?"

"Hata mamba wamekusikia."

Wakashikana. Unga ukahamia kwenye gauni la sherehe la Bibi, la kijani, na kwenye kilemba chake, na kwenye mashavu yake, na hapo vigelegele vilivyopigwa havikuhitaji umeme. Ngoma zikaletwa. Mama alikuwa ananipigapiga begani bila kujua kwamba ananipiga, anasema, "Umeona? Umeona?" na mimi nasema, "Nimeona, Mama."

Bibi alimkalisha mdogo wake kwenye kiti chake, akamfundisha. "Huu upawa. Hii sambusa. Usiguse sabuni." Bibi mdogo alipobonyeza kwa mara ya kwanza aliacha alama ya kidole ya unga kwenye kitufe, na hakuna aliyeifuta siku ile.

Asubuhi tulipokuwa tunafunga mizigo, mjomba alianza kumtafuta Bibi. Hayuko chumbani, hayuko jikoni, hayuko kisimani. Nikaenda mtoni. Nikawakuta wawili wale kwenye mtumbwi, wameshatoka ukingoni. Bibi amekaa chini kabisa, mikono imeng'ang'ania kingo mbili, macho amefumba, kibunda cha nguo magotini. Mdogo wake amemkumbatia kwa nyuma kama mtu aliyebeba mtungi.

"Bibi!" nikaita. "Si uliapa?"

"Usinisemeshe!" akajibu bila kufumbua macho. "Nikikujibu nitazama!"

Mdogo wake akacheka, mtumbwi ukayumba, Bibi akapiga ukelele, wavuvi nao wakacheka, ukayumba zaidi. Niliwatazama mpaka wakafika. Niliona Bibi anashushwa mchangani, anasimama, anajipapasa kama anayejihesabu viungo. Kisha akanipungia kwa mikono yote miwili.

Alikaa ng'ambo hadi mpunga wa kule ulipochipua. Monita ilipona kwa fundi wa mjini, waya tu ulikuwa umechomoka ndani. Sisi tukarudi kwenye barua na kopi, na Mama, nisimsengenye, akawa anaimba hata dukani.

Siku moja mchuuzi wa samaki akasimama mlangoni kwetu na tenga lake, akasema ametumwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma na bibi wawili. Wanasema kuna mtu wao anaoa huko. Wanasema njooni na upawa.

Mama aliendelea kubana karatasi kwa pini. Mimi niliogopa kumtazama.

"Waambie tumesikia," akasema. Kisha, mchuuzi alipokuwa anageuka, akamwita tena. "Ndugu yangu, samahani. Hiyo mitumbwi ya kwenu, mipana ipo?"